Sista Alipotimiza Arobaini

Mke wangu alitimiza miaka arobaini siku ya Jumamosi, mwezi wa nne. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumemaliza mwaka na miezi miwili bila kulala chini ya paa moja. Yeye alikuwa Sugar Land, karibu na Houston, akiishi kwa binti wa shangazi yake na kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya huko. Mimi nilibaki Garland, upande huu wa Dallas, katika nyumba tuliyopanga pamoja tulipofika Marekani. Watu wa kanisani wakiniuliza, nilisema amepata kazi nzuri Houston. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Wakenya wa huku tumezoea ndoa zinazoendeshwa kwa simu.

Nilikuwa namwita Sista. Tulikutana kwenye zahanati huko nyumbani, siku niliyompeleka mwanafunzi wangu aliyevunjika mkono akicheza mpira. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na muuguzi huitwa Sista na kila mtu, basi nami nikamwita hivyo, naye akaniita Mwalimu. Tukaoana, tukavuka bahari, nikaacha chaki nikaingia kiwanda cha madirisha, lakini tuliendelea kuitana vile vile. Majina yetu yalibadilika kwa siku tisa tu. Binti yetu alipozaliwa, watu walianza kutuita baba fulani na mama fulani, kwa jina la mtoto. Siku ya kumi wakaacha, wote kwa pamoja, kana kwamba walikuwa wamekaa kikao.

Afadhali niyaseme mapema, maana safari tuliyofanya Sista alipotimiza miaka arobaini haieleweki bila hayo. Mtoto alizaliwa njiti, miezi saba haijatimia. Sista alipoteza damu nyingi, akapasuliwa mara mbili, akalazwa na wagonjwa mahututi. Nilishinda nikipanda na kushuka lifti kati ya orofa ya mama na orofa ya mtoto. Sista alimwona mtoto mara moja tu, siku ya sita, walipomsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye kile kisanduku cha kioo. Alimshika kifuani kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, halafu presha yake ikashuka, wakamrudisha kitandani. Siku ya tisa mtoto akafariki.

Wazee wawili wa kanisa walinishauri tumzike upesi, kabla mama hajaruhusiwa kutoka, ili asije akaliona kaburi likiwa bichi. Walisema kwetu mtoto mchanga huzikwa kimya kimya, na mama hukaa ndani. Sikujua wanasema kwetu wapi, maana kila mmoja alitoka kabila lake, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu aniambie la kufanya. Nikatia sahihi. Tulimzika Alhamisi asubuhi, mimi, hao wazee wawili, mama mmoja wa kanisa, na mtu wa kampuni ya mazishi. Mchana nilienda hospitalini nikamwambia Sista kwamba yote yamekwisha. Nilidhani nampelekea faraja.

"Yote yapi?" akauliza.

Hakupiga kelele, wala siku hiyo wala baadaye. Alipopata nguvu alikwenda makaburini peke yake, akarudi, akapika. Tuliishi hivyo karibu miaka miwili, tukiambiana chumvi iko wapi na nani atapeleka gari kwa fundi. Halafu akapata kazi Houston.

Wazo la kasri lilitoka kwake mwenyewe, zamani, mwaka wetu wa kwanza Texas. Aliona picha ya kasri kwenye kalenda ya ofisi ya daktari wa meno, akaniambia kwamba siku moja angependa kuingia ndani ya moja, aone kama watu wale walikuwa na jikoni. Tulicheka sana. Siku yake ya kutimiza miaka arobaini ilipokaribia nilitafuta kwenye simu nikakuta kwamba kweli kulikuwa na kasri mashambani, kaskazini-magharibi ya Houston, lililojengwa na mtu aliyekuwa akiuza mashine za kukatia nyasi. Aliliona jengo la namna hiyo katika safari yake Ulaya, akarudi akajenga lake kwa ajili ya mkewe. Na mwendo wa saa moja kutoka hapo palikuwa na kanisa lililojengwa na wakulima wahamiaji kwa mtindo wa Baroko, ule mtindo wa Ulaya wa zamani usioacha hata inchi moja ya ukuta bila dhahabu au ua. Kwenye simu yangu niliona madhabahu na nguzo zilizosokotwa kama kamba. Nilijua Sista anapenda makanisa. Picha ya dari sikuiona.

Nilimpigia nikamweleza. Akasema, "Nitakuja." Neno hilo nilizunguka nalo kiwandani wiki nzima.

Nilimwomba mama mmoja Mkenya wa Garland, hodari wa kuoka, anitengenezee keki ndogo ya ndimu. Asubuhi nilipika chapati, nikajaza chai kwenye thamosi, nikavaa shati aliloninunulia yeye. Kutoka Garland hadi tulipokubaliana kukutana ni saa nne. Ilikuwa majira ya yale maua ya buluu yanayoota kando ya barabara kuu, na kila baada ya maili kadhaa nilikuta gari limeegeshwa, wazazi wamechuchumaa, mtoto amekalishwa katikati ya maua apigwe picha. Nilitazama mbele.

Alikuwa ananisubiri kwenye kituo cha mafuta, ameegemea gari lake, amevaa gauni la kijani nisilolijua. Amekonda. Aliniamkia kama mtu anayemwamkia shemeji, akaliacha gari lake pale, akaingia langu. Njiani tulizungumza habari za kazi. Nilimwuliza kama amekula, akasema amekula. Nilimwambia nimepika chapati, akatabasamu kidogo akisema basi leo tutaumwa tumbo. Nilishikilia utani ule kama mtu aliyeokota kitu cha thamani, na sikuthubutu kuongeza neno nisije nikauharibu.

Kasri lilikuwa kwenye malisho ya ng'ombe. Lilikuwa na minara minne, handaki la maji kuzunguka kuta, na daraja la mbao la kuinuliwa kwa minyororo. Kando ya daraja, chini ya mwavuli, aliketi mama wa Kizungu kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umeinuliwa juu ya ndoo, goti limefungwa bendeji. Ndiye aliyekuwa mke aliyejengewa. Tulipompongeza kwa nyumba, alituambia kwamba halali mle ndani. Ngazi zinamuua magoti na wakati wa joto hakuna mashine inayoweza kupoza mawe yale. Yeye na mumewe hulala kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya zizi. Alisema hivyo bila uchungu wowote, huku akichana tiketi.

Halafu akauliza kama tuna watoto, maana watoto huingia bure.

"Hapana," nikasema mimi.

"Mmoja," akasema Sista.

Tuliyasema kwa wakati mmoja. Yule mama alinyanyua macho, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akamwuliza Sista, kwa sauti ya chini, mtoto ana umri gani.

"Angekuwa na miaka mitatu."

Yule mama hakusema pole. Alitupatia tiketi mbili akatuambia tukae kadiri tunavyotaka, hata baada ya saa za kufunga. Tulivuka daraja. Nilitaka kumwambia Sista kwamba sikuwa na maana ile, kwamba nilidhani tunaulizwa tumekuja na nani. Ilikuwa kweli, lakini niliona itasikika kama kisingizio.

Ndani tulikuta familia ya Kimeksiko imekuja kumpiga picha binti yao aliyetimiza miaka kumi na mitano, siku ambayo kwao huadhimishwa kama harusi. Binti alikuwa amevaa gauni la waridi, pana kama hema, na ilibidi apandishwe kwenye mnara kwa ngazi za kuzunguka zisizopitisha hata mtu mnene. Mama yake alikuwa amemshika kiuno, shangazi amebeba viatu, na hapakuwa na wa kushika pindo. Mama akamtazama Sista, akamwashiria kwa mikono. Sista alinipa mkoba wake, akainama, akakusanya kitambaa chote kifuani kama mtu anayebeba nguo kutoka kwenye kamba mvua inapoanza, akapanda nyuma ya yule binti. Niliwasikia juu wakicheka, naye kicheko chake nilikitambua katikati ya vicheko vya wengine. Nilikuwa sijakisikia kwa miaka mitatu.

Aliposhuka alikuwa anahema na uso una jasho. Aliniambia jikoni ipo, ameiona kupitia dirisha, na ndani yake kuna maikrowevu. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tukala chapati kwenye meza ya mawe uani, tukanywa chai, nikatoa keki. Upepo ulizima mshumaa kabla hajaupuliza, akasema basi, umepulizwa. Alikula vipande viwili. Alinipangusa makombo ya keki shatini kwa ncha za vidole, bila kufikiri, kama alivyokuwa akifanya zamani. Nakiri kwamba pale mezani nilianza kupanga jinsi nitakavyohamia Houston. Nilifikiria viwanda. Nilifikiria hata upande gani wa kitanda nitalala.

Kanisa lilikuwa peke yake kwenye njia panda, na makaburi ya wakulima ubavuni. Kwa nje lilikuwa jengo la matofali, la kawaida tu. Ndani palikuwa patupu, na mwanga wa alasiri ulikuwa unaingia kwa madirisha ya upande mmoja. Madhabahu ilikuwa kama nilivyoiona kwenye simu, dhahabu tupu, na nguzo zake zimesokotwa. Nilianza kumweleza Sista habari za wahamiaji wale, nilivyosoma, jinsi walivyochora kila kitu kwa mikono yao kwa kukumbuka makanisa ya kwao. Nilikuwa mwalimu tena. Nikaona hanisikilizi. Ametazama juu.

Dari yote ilikuwa watoto. Watoto wachanga, wanene, uchi, wenye mabawa madogo, wakielea katika mawingu. Wengine wameshika riboni, wengine wamelala kifudifudi na vidole vya miguu vinaonekana. Walikuwa pembezoni, kwenye matao, juu ya kiti cha mhubiri, nyuso tu bila miili zimepangwa kuzunguka madirisha. Nilimshika kiwiko nikamwambia twende nje, nilikuwa sijui, wallahi nilikuwa sijui.

Aliutoa mkono wangu taratibu. Akaenda kwenye benchi la katikati, akavua viatu, akalala chali, mkoba chini ya kichwa, akawatazama. Mimi niliketi benchi la mbele yake, nimegeuka, sijui niweke wapi macho. Tulikaa hivyo. Nje trekta lilipita, likaishia mbali.

"Mwalimu," akasema.

"Naam."

"Alikuwa amevaa nini?"

Nililielewa swali mara moja. Katika miaka mitatu hakuwahi kuniuliza lolote juu ya Alhamisi ile. Sikujua kama ni kwa sababu hakutaka kujua au kwa sababu alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Na mimi sikuwa na jibu. Asubuhi ile, mtu wa kampuni ya mazishi alikuwa amenikaribisha katika chumba kidogo, akaniambia naweza kumwona kabla hawajafunga. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimemwona akiwa na mirija, nikasema hiyo inatosha. Nilipokea sanduku likiwa limefungwa, jeupe, jepesi mno, nikalibeba mwenyewe mpaka shimoni, na watu walinisifu kwa ujasiri.

Ningeweza kumwambia hivyo. Badala yake nilitazama uso wake ulioelekea juu, nikafikiri kwamba ni siku yake ya kuzaliwa, nikatafuta kitu cha kumpa.

"Nguo nyeupe," nikasema. "Na ile kofia yako ya manjano."

Kofia ile aliifuma yeye alipokuwa mjamzito, na mtoto aliivaa kwenye kisanduku cha kioo. Niliiona kichwani mwake mara nyingi. Nilidhani ni uongo salama.

Hakuinuka. Aliendelea kutazama dari.

"Kofia ya manjano ninayo mimi," akasema. "Muuguzi wa watoto aliniletea kitandani siku ile ile aliyofariki. Ninalala nayo."

Nikageuka nikatazama madhabahu.

"Hukumtazama," akasema.

"Sikumtazama."

"Hata kidogo?"

"Sanduku lilikuwa limefungwa. Waliniuliza, nikakataa. Niliogopa, Sista."

Akaketi. Akavaa viatu, kimoja kimoja, akafunga mikanda yake kwa uangalifu. Nilingoja anitukane, nadhani ningefurahi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama muuguzi anayemweleza jamaa wa mgonjwa hali ilivyo.

"Nilikukasirikia kwa kunificha," akasema. "Lakini kila siku nilikuwa najiambia, angalau baba yake alimwona. Angalau mmoja wetu alimsindikiza akimtazama. Hilo ndilo nililokuwa nimelishikilia. Nilikuwa nakuonea wivu kwa sababu yake."

Nilipiga magoti pale kati ya mabenchi. Sikumbuki nilisema nini. Nilisema nisamehe, nilisema nitafanya chochote. Alinigusa kichwani, kwa wepesi, akaniambia niinuke, sakafu ni baridi. Kisha akatoka nje.

Safari ya kurudi kwenye kituo cha mafuta ilikuwa ya saa moja na nusu. Nilijaribu kuzungumza mara mbili. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili aliniambia, kwa upole, kwamba nisijilazimishe. Jua lilikuwa bado kali. Tulipofika alichukua nusu ya keki iliyobaki ampelekee binti wa shangazi yake, akanishukuru, akasema kasri lilikuwa zuri. Alisema kweli, nadhani. Nikamwuliza kama nije Jumamosi nyingine.

"Usije, Mwalimu," akasema. "Mimi sirudi Garland. Nilikuja leo nikiwa bado sijui, na sasa najua."

Akaingia garini mwake. Alijifunga mkanda, akatazama vioo vyote vitatu kama anavyofanya siku zote, akaondoka. Nilibaki pale nimesimama mpaka mtu wa lori akanipigia honi nimpishe.

Wiki zilizofuata nilitafuta jibu la swali lake, nikidhani labda nikimpatia ukweli kitu kitabadilika. Kampuni ya mazishi ilikuwa haina kumbukumbu ya mavazi, na mtu yule hakuwa akifanya kazi pale tena. Wazee wa kanisa hawakujua. Mwishowe nilimwendea yule mama wa kanisa aliyekuwa nasi makaburini. Alinitazama kwa mshangao. Alisema aliniuliza siku ile kama alete nguo, alikuwa na gauni dogo tayari, akaliosha na kulipiga pasi, nami nikamjibu kwamba hakuna haja. Mimi sikumbuki. Alisema mtoto alizikwa na nepi na blanketi la hospitali, lile jeupe lenye mistari ya buluu na waridi. Aliliona kabla sanduku halijafungwa, kwa sababu yeye aliingia kumtazama. Alimwombea pale, akamfunika vizuri miguuni.

Nilimpigia Sista Jumapili alasiri nikamweleza yote, pamoja na gauni nililolikataa. Nilisikia runinga ikizungumza nyuma yake, kisha ikazimwa. Yeye hufunga watoto kwenye mablanketi yale kazini, kila hospitali ya huku inayo.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Mshukuru yule mama."

Hatujazungumza tena. Karatasi za mwanasheria zilikuja kwa posta kabla ya mwaka kwisha, nikazitia sahihi na kuzirudisha siku ile ile, kwa sababu ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba ambacho niliweza kukifanya vizuri. Nimesikia amehama Sugar Land, akaingia Houston yenyewe. Yule mama wa kanisa nilimfikishia shukrani. Alilia, mimi sikulia.

Siku hizi nikitoka kazini Jumamosi napitia makaburini. Mara ya kwanza ilinichukua muda kupata mahali penyewe, ikabidi niulize ofisini kama mgeni. Ni kibamba kidogo cha jiwe kilicholala usawa wa nyasi, katika safu ya vibamba vingine vidogo. Kwetu mtu akienda kaburini huwa na kazi ya mikono, hupalilia, huondoa majani, hurudishia udongo ulioporomoka. Hapa mashine hupita kila wiki, nyasi zimekatwa sawasawa hadi ukingoni. Nasimama. Hakuna hata jani moja la kung'oa.